Baba mdogo ana uvimbe kwenye ini, daktari anataka autoe kwa matundu, ukoo umegawanyika. Naombeni msaada

Mwana_Kiwira – Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa Tukuyu, tumetoka kwenye kikao cha ukoo sahivi na kichwa hakijatulia kabisa kwaiyo mnisamehe nikichanganya mambo.

Baba yangu mdogo ana miaka 53, mkulima wa ndizi na viazi huku kwetu Rungwe, mtu wa kazi, hajawahi kulazwa hata siku moja. Mwezi wa pili mjukuu wake aliishiwa damu wodini tukaitwa ndugu kuchangia, yeye ndo akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Baada ya siku kadhaa akapigiwa simu kwamba damu yake haitatumika, imekutwa na virusi vya homa ya ini B, aende akaonane na daktari. Alikaa nayo moyoni wiki tatu bila kumwambia mtu. Alipoenda ndo wakampiga altrasaundi wakaona kitu kwenye ini, akapewa rufaa ya Mbeya mjini, akafanyiwa siti skani ile ya kuchomwa dawa kwenye mshipa. Karatasi ninayo hapa mkononi: uvimbe mmoja, sentimita 3.8, ini upande wa kushoto, sehemu ya 3. Na kipimo cha damu kinaitwa AFP kimepanda. Daktari bingwa alituketisha akatwambia taratibu, hii ni saratani ya ini ila imekamatwa mapema, ini lenyewe bado lina nguvu, aende Dar na kuna uwezekano mkubwa akatolewa kwa upasuaji wa matundu madogo bila kuchanwa tumbo zima.

Sasa nyumbani ndo moto umewaka. Shangazi anasema saratani haiguswi kisu, ikiguswa inaamka, na ana mfano wa jirani yetu alipasuliwa akashonwa na wiki mbili hazikuisha tukamzika. Kaka mkubwa aliyeko Kyela yeye anasema kama ni kupasua basi wafungue tumbo waone kwa macho yao, hayo matundu ya kupitisha kalamu watatoaje kitu cha ukubwa wa limao? Mwingine kaleta habari za mzee wa Chunya anayetibu ini kwa mizizi. Na tangu wasikie neno homa ya ini, kikombe cha baba mdogo kimetengwa, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono ili kisichanganywe na vingine. Leo jioni chai ilipoletwa alinyoosha mkono akakichukua chenye uzi, hakusema neno. Nimeumia jamani.

Tulipomuuliza yeye anataka nini kajibu kwa swali, "nikitoka huko nitabeba mkungu tena?"

Naomba mwenye uelewa, hayo matundu wanafanyaje mpaka kitu kitoke? Ni kweli kisu kinaisambaza? Na kama kuna aliyepitia aniambie ukweli hata kama ni mchungu, Jumapili ijayo tunakaa tena na mimi ndo niliyeambiwa nilete majibu.

---

Tulizo_la_Uyole – Jumapili, saa 4:05 usiku

Pole sana ndugu yangu. Sina utaalamu ila hicho kikombe kitoeni huo uzi leo leo. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kikombe wala sahani wala kula pamoja, mume wangu anayo mwaka wa sita huu tunakula sinia moja na watoto, mi nilichanjwa niko salama. Wataalam watakuja kukujibu mengine.

---

Nesi_wa_Makambako – Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Kamwene mdogo wangu. Nimetoka zamu ya usiku nimeona hii nikasema silali kabla sijakujibu. Nimekaa chumba cha upasuaji miaka 11, matundu nimeyaona mengi, ya nyongo, ya kidole tumbo, ya uzazi, na ya ini nimeshika vifaa mara chache nikiwa mafunzoni, kwaiyo nakwambia nilichokiona kwa macho.

Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, amelala kabisa. Wanafungua tundu la kwanza karibu na kitovu, dogo tu, halaf wanaingiza gesi taratibu, tumbo linainuka kama hema. Usiogope hilo, ndo linawapa nafasi ya kuona. Kamera inaingia hapo, na kwenye runinga ini linaonekana kubwa kuliko ungeliona kwa macho ya kawaida, unaona mpaka vimishipa vyembamba kama uzi wa buibui. Matundu mengine matatu au manne, la kalamu, la kidole, yanapitisha vifaa virefu. Kaka yako wa Kyela anasema wafungue waone kwa macho, mwambie kwa heshima kwamba kwa kamera wanaona vizuri tu, wanachokosa ni kupapasa kwa mkono, ndo maana wanaingiza na altrasaundi ndogo ndani humo humo inatembezwa juu ya ini kutafuta kama kuna uvimbe mwingine umejificha.

Ini limegawanyika sehemu 8, kila moja ina mshipa wake wa kuingiza damu na njia yake ya nyongo. Baba yako mdogo karatasi imesema sehemu ya 3. Mdogo wangu hiyo ni bahati ndani ya ubaya. Sehemu ya 2 na ya 3 ziko mbele kushoto, zinaning'inia kama ncha ya jani, na ndizo rahisi kuliko zote kutoa kwa matundu, madaktari wakuu wa upasuaji wa ini duniani walikaa mwaka 2008 Louisville kule Marekani wakakubaliana kwamba sehemu hiyo matundu yawe ndo njia ya kawaida. Ingekuwa ya 7 au ya 8, huko juu nyuma chini ya kiwambo cha kupumulia, ningekuandikia barua nyingine.

Kinachotisha kwenye ini ni damu. Linapitisha kama lita moja na nusu kila dakika. Kwaiyo hawakati kama nyama buchani. Wanatangulia kuzungushia kamba mshipa mkubwa unaoingiza damu ili wakihitaji wabane, dakika 15 wamebana, 5 wameachia, halaf wanalichambua ini polepole kwa kifaa kinachoponda nyama laini na kuacha mishipa imesimama peke yake, midogo wanaiunguza, ya kati wanaibana kwa klipu, mikubwa wanapiga stapla inayofunga na kukata kwa wakati mmoja. Na ule msukumo wa gesi tumboni nao unasaidia vimishipa visivuje sana. Ni kazi ya subira, nimewahi kusimama mpaka miguu ikavimba.

Sasa kipande kinatokaje? Hawakivuti kupitia tundu la kalamu. Kinawekwa kwanza kwenye mfuko wa plastiki mgumu hukohuko ndani, mdomo unafungwa, halaf wanachana kidogo chini kabisa ya tumbo pale wanapochanwa wanawake wa oparesheni ya uzazi, mfuko unatoka mzima. Huo mfuko una maana yake: seli za saratani zisidondoke njiani wala kugusa ngozi.

Hapo nimeshaanza kumjibu shangazi. Simlaumu, huko kijijini ndivyo tulivyoona kwa macho, mtu kapasuliwa kashonwa kafa. Lakini jirani yenu walipomfungua inawezekana walikuta imeshaenea kila mahali, hakuna cha kukata, wakashona. Ugonjwa ulikuwa umefika mwisho kabla ya kisu. Zamani vipimo vya picha vilikuwa haba wagonjwa wengi walifunguliwa ndo ijulikane, siku hizi siti skani inaonyesha kabla. Kisu hakiiamshi saratani, haikuwa imelala.

Nikiamka nitaandika mambo ya baada ya upasuaji. Macho yanafumba.

---

Mzee_Mafinga – Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Kijana wangu, huyo nesi kasema vizuri, mimi nakupa upande wa pili maana umeomba ukweli mchungu.

Mdogo wangu wa kufuatana alikutwa na uvimbe wa ini mwaka 2017. Wake ulikuwa kulia nyuma, sentimita 6. Tulikuwa na muda, tukauchezea. Kwanza tulimpeleka kwa mtu wa miti shamba, anakunywa vikombe vitatu kwa siku, chungu kama shubiri, akawa anasema anajisikia nafuu. Miezi miwili. Halafu tulipofika hospitali moja kubwa walipoteza majibu ya picha tukaambiwa turudie, foleni wiki tano. Tulikuja kupata rufaa ya India tukauza ng'ombe na kiwanja cha mjini. Kule walimpasua wazi, mshono wake ulianzia chini ya kifua ukapinda kulia chini ya mbavu zote, kama herufi J iliyolala. Niliuosha ule mshono mimi mwenyewe siku tisa. Kukohoa tu alikuwa anakumbatia mto na machozi yanatoka, na kwa sababu hakohoi vizuri kifua kikajaa makohozi akapata nimonia. Alipona ile nimonia. Alirudi shambani. Uvimbe ulirudi mwaka wa tatu, safari hiyo viwili, na hatukuwa naye tena.

Nakuandikia haya usije ukaenda kwenye kikao ukasema matundu ni muujiza. Waliompasua mdogo wangu wazi hawakukosea, mahali pake palitaka hivyo. Nilichojifunza ni wiki. Zile wiki za mizizi na za foleni ndizo ninazozihesabu mpaka leo. Nyie mna uvimbe mmoja chini ya sentimita 4, mbele. Msikae vikao viwili pale ambapo kimoja kinatosha.

Na siti skani yenu, ombeni CD yake muitunze wenyewe, mpige na picha ya ripoti kwenye simu tatu tofauti.

---

Mwana_Kiwira – Jumatatu, saa 7:10 mchana

Mzee shikamoo, na pole sana kwa mdogo wako. Nimesoma nikatoka nje kwanza.

Nesi asante mno, nimemsomea baba mdogo ile sehemu ya jani linaloning'inia akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki hii. Maswali yangu mengine: wakishakata hicho kipande anabaki na ini la kutosha? Na kwa nini daktari hakutaka kuchukua kinyama kwanza kupima kama kweli ni saratani? Kuna ndugu analishikia bango hilo, anasema wanampasuaje mtu bila uhakika.

---

Mwanafunzi_wa_Nzovwe – Jumatatu, saa 8:30 mchana

Habari wakuu, mi nko mwaka wa 5 wa udaktari, nyumbani Nzovwe hapa Mbeya, naruhusu nirekebishwe.

Kuhusu kinyama, saratani hii ya ini ni tofauti na nyingi. Kwa mtu mwenye homa ya ini B ya muda mrefu au ini lenye makovu, ile siti skani ya dawa ikipigwa kwa awamu inatosha, maana uvimbe huu unanyonya dawa haraka sana kwa damu ya ateri halaf unaitema kabla ya ini zima, unang'aa kisha unakuwa mweusi. Ukionyesha hiyo tabia madaktari wanaweza kuuthibitisha bila sindano. Na sindano ina kahatari kadogo ka kuacha seli njiani inapotoka, ndo maana kama mtu anaenda kukatwa hawaichomi bila sababu. Kwaiyo shangazi ana kachembe ka ukweli, sema yuko kwenye sindano wala siyo kwenye kisu.

Kuhusu ini kubaki, mtu mwenye ini zima anaweza kuishi akibakiwa na hata robo au kidogo zaidi, mwenye makovu wanataka abaki na kama asilimia 40. Sehemu ya 2 na 3 ni kipande kidogo cha ini lote, na ini linajaza lenyewe ndani ya wiki mpaka miezi, kile kipande hakioti tena ila kilichobaki kinanenepa. Homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata kabla makovu hayajaanza, bas hapo ndo baba mdogo amepona, ini lake linavumilia kukatwa. Wenzetu wengi wanafika tumbo limejaa maji na macho manjano, hao huwezi kuwapasua hata kwa tundu moja, ini linagoma.

Sasa ushahidi wa matundu, maana mimi sipendi tuseme tu ni nzuri. Kule Oslo, Norway walifanya utafiti wa kura, yani mgonjwa anapangiwa njia kwa bahati nasibu, wagonjwa 280, nusu hivi matundu na wengine wazi, matokeo yakatoka 2018. Waliopata matatizo baada ya upasuaji, matundu asilimia 19, wazi 31. Siku za kulala hospitali zikapungua karibu nusu. Na baada ya miaka 5 waliobaki hai walikuwa sawasawa pande zote mbili. Ila wale walikuwa na saratani ya utumbo iliyohamia kwenye ini, wala haikuwa iliyozaliwa kwenye ini kama ya baba mdogo, ni vizuri mkalijua hilo. Maana yake kwangu ni kwamba njia ya kuingilia haibadilishi saratani, inabadilisha mwili unavyoumia na unavyorudi. Na kwa mkulima mwili kurudi ndo kila kitu.

Maswali ya kumuuliza daktari wa upasuaji: hili la ini kwa matundu umefanya mara ngapi wewe mwenyewe, na ikishindikana katikati unafungua? Akisema anafungua msiogope, daktari anayejua kufungua kwa wakati ndo wa kumwamini. Kufungua siyo kushindwa.

Pia muulizeni kama kuchoma uvimbe kwa sindano ya joto kunafaa. Ile inafanya vizuri zaidi uvimbe ukiwa chini ya sentimita 3, yeye amepita kidogo, ila kuuliza ni bure.

---

Nesi_wa_Makambako – Jumatatu, saa 11:50 jioni

Nimeamka. Daktari mtarajiwa umeandika vizuri Mungu akubariki.

Ya baada ya upasuaji. Siku ya kwanza atalalamika bega, hasa la kulia, na ndugu mtashangaa kapasuliwa tumbo analia bega. Ni ile gesi iliyobaki inakisumbua kiwambo cha pumzi, na neva yake inatoka shina moja na za bega. Inaisha siku mbili tatu, akitembea inaisha haraka. Na atembee kweli, kesho yake asubuhi asimamishwe hata kama anakunja uso, damu isije ikaganda miguuni. Wengi wanakaa siku tatu mpaka tano mambo yakienda vizuri. Mkizungumza na daktari aliyemfanyia mtaambiwa lini anyanyue mzigo, kawaida ni kama wiki 6. Mkungu wa ndizi wa Rungwe mimi nausubirisha zaidi kidogo, aanze na kikapu.

Gesi ikiisha lakini anapata homa, tumbo linaendelea kuvimba, macho yanageuka manjano au jeraha linatoa maji ya rangi ya kijani, hiyo inaweza kuwa nyongo inavuja, rudini haraka bila kungoja siku ya kliniki.

Hela. Mkienda muombe mchanganuo ulioandikwa, kitanda, vipimo, damu, ICU, na vifaa, hasa zile risasi za stapla maana ndo zinazopaa bei na wakati mwingine bima inalipa upasuaji ikaacha vifaa. Kama ana bima muulize kabla kwa maandishi. Na ndugu wawili wachangie damu mapema ikae tayari. Hesabuni pia nauli na chumba cha atakayemuuguza, wengi tunapanga hela ya hospitali tunasahau kwamba Dar mtu anakula na kulala.

Dawa za mizizi aache zote leo. Kuna mimea inachoma ini kabisa, na daktari wa usingizi hatajua amekunywa nini.

---

Bwanashamba_Mbozi – Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Mmemzungumzia mgonjwa, mi naomba tumalizie na waliobaki nyumbani. Mimi ni afisa ugani, siyo daktari, lakini hili nalifundisha kila msimu na nalisema kwa uchungu maana nimezika watu.

Kwanza wapimwe wote. Mke, watoto, ndugu zake wa tumbo moja. Virusi B wengi wetu tulivipata tukizaliwa au tukiwa wadogo, na kwa kuchanjana chale na wembe mmoja, enzi hizo nani aliuliza. Watoto wa siku hizi wanachanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini chanjo hiyo imeingia kwenye ratiba ya watoto miaka ya 2000 mwanzoni, waliozaliwa kabla ya hapo hawana kitu. Asiyekuwa navyo virusi achanjwe mara tatu, leo, baada ya mwezi mmoja, na ikitimia miezi sita tangu ile ya kwanza. Watu wanachoma moja wanaona wamemaliza.

Pili mahindi na karanga. Kuna ukungu unaota kwenye mahindi yaliyovunwa mabichi na kurundikwa sakafuni, unatoa sumukuvu, na sumukuvu inakula ini taratibu miaka na miaka, na mtu mwenye virusi B sumukuvu ikimkuta hatari inazidishana, haijumlishwi. Huku kwetu mvua zinachelewa kuisha na ukungu wa asubuhi ndo huo, mahindi yanavunwa yana maji. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, kufa kwa wiki siyo kwa miaka. Kupika hakuitoi, ugali unachemka na sumu imo. Anikeni kwenye turubai, siyo kwenye udongo, mpaka punje ukiing'ata ilie ka! Chambueni zenye rangi ya kijani na nyeusi, na zile mnazozichambua msizipeleke kwa kuku wala kwenye pombe. Karanga zilizosinyaa ndo mbaya kuliko zote na ndizo akina mama wanazosagia uji wa watoto kwa sababu nzuri zimeuzwa. Hapo ndo huwa nakosa usingizi.

---

Mzee_Mafinga – Jumanne, saa 2:00 asubuhi

Bwanashamba umenigusa. Mdogo wangu alikuwa na virusi, anakunywa ulanzi kila masika, na ghala letu lilikuwa la sakafu ya udongo. Hakuna aliyetuambia.

---

Mwana_Kiwira – Jumapili, saa 2:20 usiku

Mrejesho. Tumekaa leo. Sikuhutubia, nilisoma tu mlichoandika kutoka kwenye simu, kuanzia kwa nesi. Nilipofika kwa mzee wa Mafinga sauti ikanikatika shangazi akaniambia rudia hapo pa wiki. Nikarudia. Akainuka akaenda jikoni, nikajua amekasirika, karudi na kile kikombe, kakata uzi kwa meno mbele ya watu wote. Tunaondoka na basi Jumatano, mimi na kaka wa Kyela, yeye mwenyewe kajitolea damu.

---

Mwana_Kiwira – wiki tano baadaye

Wakuu ugonile, samahani kwa ukimya, Dar ilikuwa mbio.

Amefanyiwa. Daktari tulimuuliza yale maswali yote, akajibu bila kununa, akasema akiona damu haimtii anafungua, tukasaini. Kaingia saa 2 asubuhi katoka saa 7 na nusu mchana, kwa matundu mpaka mwisho. Yako matano na mchano mmoja chini kama vidole vinne. Damu ya kaka ilikuwa tayari haikutumika. Bega alililia siku mbili kama ulivyosema nesi, na kwa sababu tulijua tukawa tunamkanda tu hatukupaniki. Siku ya tano akaruhusiwa. Majibu ya kipande yametoka: saratani, imekatwa na nyama safi pembeni pande zote.

Daktari hakutuficha. Kasema hii saratani kwa zaidi ya nusu ya watu inarudi ndani ya miaka 5, kwaiyo kila miezi mitatu anapigwa picha na AFP, na anakunywa tenofovia kila siku ya maisha yake kubana virusi. Baba mdogo kamuuliza kuhusu mkungu. Daktari, mtu wa pwani, akauliza una kilo ngapi huo mkungu, kaka wa Kyela akamwambia mingine inafika 40, yule daktari akashika kichwa akasema ikitimia miezi mitatu ndo tuongee.

Nimewaletea na jingine. Tumepimwa wote nyumbani, watu 14. Watatu wanavyo, mmoja ni binti yake wa kwanza, ana miaka 26 na ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Mtoto kapimwa hana. Binti analia anasema amwachishe ziwa. Nesi nifanyeje?

---

Nesi_wa_Makambako – siku hiyo hiyo, saa 3:15 usiku

Mungu ni mwema sana, nimesoma na machozi.

Asimwachishe! Maziwa hayaambukizi, aendelee kunyonyesha, na mtoto akamilishe zile chanjo zake zote tatu, angalia kadi ya kliniki leo. Chuchu zikipasuka zikatoa damu aonane na nesi wa kliniki zitibiwe. Yeye mwenyewe apimwe wingi wa virusi na vimeng'enya vya ini ijulikane kama anaanza dawa, na kwa kuwa baba yake ameugua saratani aanze altrasaundi kila miezi sita sasa hivi, asingoje kufika miaka 40. Wale wengine wawili hivyohivyo. Rufaa mnaipata hapo hapo Tukuyu.

---

Mwana_Kiwira – saa 3:22 usiku

Kadi iko hapa, wiki ya 6 ipo, ya 10 ipo, ya 14 haijapigwa muhuri. Kesho saa moja niko nao kliniki.